Kisamvu cha Mama na Kipimo cha Damu

Nilirudi Tanga kutoka Pangani, ambako nilikuwa nimekaa wiki tatu nikimuuguza mama aliyeteguka mguu, na kesho yake nikaenda kliniki ya moyo nikiwa sina wasiwasi wowote, kwa kuwa vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, sikuwahi kuruka hata siku moja. Muuguzi mmoja alisikiliza kifuani, mwenzake akashika mshipa wa mkono, wakahesabu dakika nzima bila kusemezana: kifuani mapigo 112, mkononi 94. Tofauti hiyo nilikwishaizoea, maana moyo unaokwenda bila mpangilio hutoa mapigo mengine dhaifu mno yasiyofika mkononi.

Kilichonishtua ni majibu ya damu. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwangu kilitakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Siku hiyo kilikuwa 1.3, yaani damu ilikuwa inaganda upesi kuliko inavyotakiwa. Daktari hakunigombeza. Aliuliza, "Mwalimu, kule nyumbani ulikuwa unakula nini?" Nikamjibu kwamba mchana kisamvu cha nazi, usiku mchicha au matembele, kila siku. Alichora moyo nyuma ya karatasi ya majibu, akanionyesha vyumba viwili vya juu, ambavyo kwangu hutetemeka badala ya kujikamua, hata damu ikatuama humo na kuweza kufanya bonge. Bonge hilo likichomoka na kufika kwenye ubongo, huleta kiharusi. Warfarini hulizuia kwa kupinga kazi ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na majani ya kijani yamejaa vitamini hiyo hiyo.

Machozi yalinitoka. Nilimkumbuka mama akitwanga kisamvu kile huku amekaa, mguu wenye bendeji ameunyoosha pembeni ya kinu, ingawa nilimkataza, akiamini kwamba ananitia nguvu. Nilipotaka kusema kwamba mboga nimeacha, daktari alinizuia: nisiache, bali nile kiasi kilekile kila wiki, naye atapanga dozi kufuatana na chakula changu. Jambo hilo sikuwahi kuelezwa tangu nianze dawa, na hadi leo naona lilistahili kuwa la kwanza kuambiwa.

Jioni nilimpigia mama simu nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, ni upawa mmoja au miwili?" Tukakubaliana upawa mmoja, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.