Huyu Tuko Naye

Leo Alhamisi, na neno la Jumamosi bado limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Mnaolijua kundi letu la taarabu hamhitaji utangulizi: watu wanne, vinanda viwili, spika mbili ambazo moja inakoroma, na harusi za Waswahili wa London mashariki. Jumamosi tulikuwa Ilford. Saa tano za usiku, bibi harusi keshaingia, tumepewa mapumziko na sahani ya biriani kila mmoja. Akaja mzee wa upande wa bibi harusi, kanzu na koti, kutushukuru.

"Mashallah, mmetufurahisha. Nyote wapigaji?"

Fundi, nyama mdomoni, akaanza kututambulisha. "Huyu Chiriku, ndiye sauti yetu. Huyu shemeji, mashairi yote uliyoyasikia kayatunga yeye. Mie kinanda." Kisha akanifikia mimi. Akatafuna. Akameza. "Na huyu tuko naye tu."

"Vyema, vyema," mzee akasema, akanikabidhi bilauri yake tupu.

Na mimi nikaipokea! Nikasimama nayo katikati ya ukumbi, nikitafuta pa kuiweka, kama kijana wa kuhudumia wageni.

Nani alilala chini ya meza alasiri nzima akibandika waya kwenye zulia ili akina mama wanaokuja kutunza wasijikwae? Nani anashika mkoba wa tunzo, anahesabu, anagawa, na hajawahi kupunja mtu hata senti? Nani alibishana na mwenye ukumbi aliyetaka tuzime saa nne na nusu? Na kinanda cha pili nakigusa mimi. Sawa, vidole viwili, sauti ya fidla inayovutwa nyuma ya Fundi. Lakini iondoe hiyo uone wimbo unavyobaki mifupa.

Wiki yenyewe haikuwa mbaya, Jumanne nimepandishwa kuwa msimamizi wa zamu ya usiku, na binti yetu kajibiwa na chuo alichokitaka. Nilishukuru, nikarudi kwenye bilauri.

Mke wangu alivumilia hadi Jumatatu. Nilipoianza hadithi mara ya saba, akaweka mwiko chini.

"Baba watoto, hebu. Alisema 'tuko naye' au 'tuko naye tu'?"

"Alisema 'tu'."

"Ulimsikia, au 'tu' umeitia wewe?"

Nikanyamaza. Maana tangu hapo nimekuwa nikiirudia sentensi ile kwa namna zote mbili, na kila moja inakuja na sauti ya Fundi kamili, na nyama mdomoni. "Na huyu tuko naye." Hiyo ni jamaa anayenitaja kwa fahari. "Na huyu tuko naye tu." Hiyo ni mtu anayeomba radhi kwa mzigo uliopakiwa bila kuagizwa. Herufi mbili! Usiku wa Jumatatu niliupitisha kati yake.

Sasa, kazi yangu iko Basildon, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nilishawaandikia habari za mji huu, mji uliopangwa baada ya vita kuanzia mwaka 1949 ili watu wa London wapate nyumba. Mwenzangu mmoja wa zamu ni mzaliwa wa hapa, na akinisikia naimbaimba koridoni hunirudishia habari za Depeche Mode, bendi iliyotoka hapa, kama wazee wa kwetu Tanga wanavyorudia habari za mkonge. Siku zote nilikuwa naitikia kwa adabu. Safari hii nikamwambia anieleze tena, taratibu, nani alikuwa nani.

Vince Clarke na Andy Fletcher walijuana tangu utotoni, vijana wa kanisani, na mwaka 1977 walikuwa na bendi yao ya kwanza. Mwaka 1980 Martin Gore akaingia, wakajiita Composition of Sound, na magitaa wakaanza kuyaweka chini, wakashika sinthesaiza, vile vinanda vya umeme. Siku moja wakamsikia Dave Gahan akiimba wimbo wa David Bowie kwenye kibanda cha maskauti, wakamchukua. Jina la Depeche Mode alilileta yeye, kalitoa kwenye gazeti la mitindo la Ufaransa.

Fletcher alikuwa mfanyakazi wa bima, Gore wa benki. Kazi ikiisha, wanapanda treni kwenda kupiga London, kila mmoja na kinanda chake kwapani. Hapo ndipo niliposogeza kiti. Vile vinanda vyao vya mwanzo vilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka noti tatu, tafuta watu watatu. Kwa hiyo mtu mwenye kidole kimoja alikuwa mtu kamili. Sisi kinanda cha Fundi peke yake ni fidla, akodiani na ngoma, ndiyo maana siku hizi watu wanaalika taarabu bila kuhangaika kulisha okestra nzima.

Daniel Miller aliwaona mwaka huo huo Canning Town, pale pale tulipopiga harusi mwaka jana ile ya mvua. Alikuwa na kampuni ndogo ya kutoa rekodi, Mute, isiyo chini ya mkubwa yeyote. Hawakuandikiana mkataba. Walikubaliana kwa mdomo kugawana faida nusu kwa nusu. (Shemeji akisoma hapa ataanza tena habari za mkataba wetu. Shemeji, tulia.)

Mwaka 1981 albamu ya kwanza ikaingia kumi bora za Uingereza, na kabla mwaka haujaisha, Clarke, aliyetunga karibu nyimbo zote, akaaga. Wengine watatu wakatangaza gazetini kutafuta mpigaji asiyezidi miaka 21. Alan Wilder alikuwa na 22, akadanganya, akapata kazi. Huyu naye alikuwa mwanamuziki hasa, wa kusomea. Akaondoka mwaka 1995.

"Na Fletcher?" nikauliza.

Mwenzangu akacheka, akanitafutia kipande kwenye simu, cha filamu ya mwaka 1989 iliyowafuata Marekani, ziara iliyoishia mbele ya watu zaidi ya 60,000 huko Pasadena. Fletcher anaeleza mgawanyo wa kazi: Martin anatunga, Alan ndiye mwanamuziki mzuri, Dave anaimba, na mimi, anasema, nazurura tu.

Kwa mdomo wake mwenyewe! Hakuna fundi aliyemsemea.

Nilikirudia kipande kile mara nne. Saa tisa usiku, wazee wamelala, nikaanza kucheka peke yangu kwenye kiti cha msimamizi wa zamu, cheo kipya, mpaka kengele ya chumba namba sita ikalia na bibi wa mle akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, bibi, lala. Akaomba maji. Nikampa, nikaipokea bilauri tupu, nikaitazama, nikacheka tena.

Maana yule bwana hakuwa mzururaji. Miaka ya themanini bendi haikuwa na meneja wa kudumu, na mahesabu na mipango ilikuwa mikononi mwake. Jukwaani alisimama nyuma ya kinanda chake akipiga makofi, watu wakimtania kwamba hata hakijachomekwa. Alikuwamo tangu siku za treni hadi alipofariki tarehe 26 Mei 2022, ana miaka 60. Wamebaki Gore na Gahan. Katika picha zao za sasa mimi jicho langu linakwenda pale asipokuwapo.

Jana Fundi akapiga simu, habari za harusi ya mwezi ujao.

"Kaka, mkoba wa waya uko kwako?"

"Uko kwangu."

Nikasema nimuulize lile neno, niondokane nalo. Ulimi ukageuka njiani. "Fundi, hicho kinanda chako, ile sauti ya fidla ninayoshika mimi, hakiwezi kuirekodi ikawa inajipiga yenyewe?"

"Kinaweza tangu nilipokinunua. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Njoo mapema, ile spika inakusikiliza wewe peke yako," akasema, akakata.

Mke wangu aliuliza alikuwa nani. Nikamwambia, Fundi. Akaniangalia kidogo, akaendelea kukuna nazi.

Kinachonikosesha usingizi leo ni kingine kabisa. Asubuhi Mama katuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga: jirani anachimba shimo la choo upande wa kisima chetu. Mama anasema ni hatua kumi. Mdogo wangu anasema zinapita ishirini, ila Mama hatua zake ndefu akikasirika. Nimemwambia mdogo wangu apime kwa kamba, si kwa miguu, na apime kabla jirani hajaanza kujengea. Ujumbe umefika, kausoma, hajajibu.