Nyuzi 105 kutoka nyumbani

Wiki ya pili tangu nirudi, dada alinisukumia kazi: "Kaka, hebu msaidie mwanao hesabu, mie nimechoka." Mwanao ni mpwa wangu wa darasa la tano, ambaye naondoka alikuwa hata hajazaliwa. Nikakubali kwa mbwembwe. Mtu mzima nimetoka ng'ambo na vyeti vyangu, darasa la tano litanishinda nini?

Lilinishinda swali la kwanza. Robo tatu gawanya kwa thumuni. Nikamwonyesha nilivyofundishwa: sehemu ya pili igeuze juu chini, kisha zidisha, jibu 6. "Sawa, Mjomba. Lakini kwa nini unageuza?" Nikamjibu ndiyo kanuni. Hakubishana. Alichana karatasi, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaikunja mara ya tatu, akaikunjua. Vyumba vinane. Akapaka rangi sita. "Hiyo yenye rangi ni robo tatu. Humo ndani thumuni ziko ngapi?" Nikahesabu kwa kidole, sita kweli. Umri wote huu nimekuwa nikigeuza sehemu bila kujua kwamba swali lenyewe lilikuwa hilo tu: hiki kidogo kinaingia mara ngapi katika kile kikubwa?

Enzi zetu ukipata jibu unalipigia mistari miwili chini, umemaliza. Daftari la huyu limejaa maelezo. Hata kwenye ufahamu, akishajibu kwamba mhusika ana wivu, lazima aandike ni sentensi ipi iliyomwonyesha huo wivu. Sarufi na insha nazipita, hazijabadilika sana, na mwandiko wake mbaya kama wangu.

Kwenye sayansi nilijaribu kurudisha heshima. Walikuwa wameotesha maharage kwenye pamba, kopo moja dirishani, jingine ndani ya kabati, maji kipimo kilekile. Akaniambia nikisie lipi limerefuka zaidi. Nikasema la dirishani, mmea si unahitaji mwanga? Akafungua kabati. Lile la gizani lilikuwa refu karibu mara mbili, jembamba, la njano iliyofifia, limeinamia ufa wa mlango. La dirishani lilikuwa fupi, nene, la kijani. Akanieleza kwamba la gizani linakula akiba iliyomo ndani ya mbegu, linaitumia yote kurefuka ili liufikie mwanga, na akiba ikiisha kabla halijaufikia, limekufa. Halafu akaniuliza kwa nini walibadilisha mwanga peke yake, maji wakayaacha yalivyo. Hilo nililijibu, nashukuru.

Nikajitia kutaja sayari tisa. Nane, akanisahihisha. Nami najua kwamba Pluto iliondolewa mwaka 2006, ila mdomo una mazoea yake. Tukatafuta kwamba iligunduliwa 1930 na kwamba huchukua miaka 248 hivi kulizunguka jua. Akatoa 1930 kutoka 2006, akapata 76, akaiweka juu ya 248, akatulia. "Haikufika hata theluthi ya safari! Wameiita sayari, wakaivua cheo, na hata mzunguko mmoja haijamaliza." Hapo sikujua tuko kwenye somo gani, na nadhani naye hakujali.

Lakini kilichonikalisha chini ni jiografia. Walikuwa kwenye longitudo. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila saa ni nyuzi 15, na kuhesabu kunaanzia Greenwich kwa sababu mataifa yalikaa Washington mwaka 1884 yakapakubali. Akaniuliza kule nilikokuwa saa zilipishana na za hapa kwa ngapi. Saba, nyuma. Akazidisha. "Ulikuwa nyuzi 105 magharibi ya kwetu." Nikamweleza kwamba saa za nchi hazifuati mistari kwa uaminifu, China nzima ilivyo pana inatumia saa moja tu, kwa hiyo 105 ni makadirio. Akaandika neno "makadirio" pembeni, kisha akaniuliza nilikuwa napiga simu saa ngapi. Nikasema nikitoka kazini, saa kumi na moja jioni. Akajumlisha saba kwa vidole.

"Saa sita usiku. Ndiyo maana kila ukipiga mimi nimelala."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nikijua saa zinapishana, nani asiyejua. Nilikuwa napiga muda ulionifaa mimi.

Bahati nzuri alikuwa ameshafungua daftari la historia. Zoezi: mhoji mtu aliyehama, kisha thibitisha maneno yake kwa chanzo kingine. Swali la tano: ulikaa huko miaka mingapi? Kumi na mmoja, nikajibu, maana ndivyo nilivyozoea kuwajibu watu. Mama yake akasema kutoka jikoni ni zaidi. Mtoto akaandika yote mawili, akachora mstari, akaniomba hati. Nikamletea pasipoti ya zamani, ile iliyokatwa pembe. Akapekua kurasa hadi kwenye muhuri wa kuondoka, akasoma mwaka, akatoa.

Kumi na mitatu. Akaikata 11 kwa rula, taratibu, akaandika 13 juu yake, akaendelea na swali la sita.