Nilisikia sauti, maneno yakanipita

"Baba, si wewe uliyesema hunisikii?" Binti yangu alikuwa karibu kulia. Nilimwomba apaze sauti, akapaza, nami nikamkaripia kwamba ananifokea. Tuliishi hivyo miaka miwili.

Kipimo kilionyesha kwamba sauti nene nazisikia vizuri. Nyembamba, kuanzia hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde) kwenda juu, sizipati mpaka ukubwa wake ufike desibeli 60. Irabu ni nene na zina nguvu. S, f na t ni nyembamba, hafifu. Kwa hiyo saa, taa na faa zote zilinifikia kama "aa", mengine nikakisia.

Lakini kama sisikii vizuri, kwa nini binti yangu akipaza sauti iniumize? Mtaalamu wa usikivu alinichorea koklea, ule mfereji wa sikio la ndani uliojiviringa kama konokono. Una aina mbili za seli zenye vinyweleo. Za ndani, kama 3,500 kwa kila sikio, ndizo hasa zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za nje ni kama 12,000, na kazi yake ilinishangaza: sauti ikiingia, seli hizo hurefuka na kufupika, zikiitia nguvu ile iliyo hafifu na kuitenga na jirani yake. Sauti kubwa haziihitaji sana huduma hiyo. Seli za nje zikifa, na za binadamu hazioti tena, minong'ono hupotea ila kelele hufika na ukali wake wote. Kati ya kutosikia na kuumia nilikuwa nimebakiwa na upenyo tu. Binti yangu hakuwa na kosa lolote, na nilimwambia hivyo siku ileile.

Nilipewa kifaa kinachokuza sana sauti ndogo na kuziongeza kidogo tu zile kubwa. Wiki za mwanzo hata karatasi ikikunjwa ilinichoma. Nilivaa hivyohivyo, kila siku, mpaka ubongo ukazoea. Naomba yeyote anayeanza asikiache kabatini.

Watu wengi wakiongea pamoja bado napata tabu, kwa sababu kifaa hakirudishi ule uwezo wa kutenga sauti. Hapo nakaa nikiupa ukuta mgongo, namtazama mdomo anayesema nami. Binti yangu hapazi sauti tena. Hunigusa bega kwanza, nageuka, ndipo anaanza kusema.