Kabati la vitambaa, kuanzia mbao mbichi mpaka pazia

Februari, mvua zinaendelea

Leo mteja amekuja kujaribu sare ya harusi. Nikafungua kabati, nikatoa kitambaa chake ambacho nilikuwa bado sijakikata, nikakikunjua mbele yake. Madoa meusi ya ukungu, kuanzia pindo mpaka katikati, kama mtu amekitemea ugoro. Hakugomba, na heri angegomba. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa tunafanyaje, dada?" Nimemlipa kitambaa kizima. Majora mengine mawili nimeyaanika sebuleni maana nje jua lenyewe halipo.

Kabati lenyewe nililinunua miaka miwili iliyopita, zuri la kung'aa, la ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Milango inafunga kisawasawa, mgongo umezibwa, nami nikalisukuma mpaka likagusa ukuta. Leo nimelivuta. Chini limevimba kama andazi, na ukutani nyuma yake kuna unga mweupe. Nikaulamba kwa ncha ya ulimi: chumvi. Aliyefyatua matofali ya nyumba hii alichota mchanga wa pwani, na chumvi ikishaingia ukutani inavuta unyevu kila hewa ikiwa nzito. Hapa Mtwara kuanzia Desemba mpaka Aprili hewa huwa nzito kila siku. Kwa hiyo miaka miwili nilikuwa nafungia vitambaa vya watu ndani ya sanduku lililoegeshwa kwenye ukuta unaotoa jasho.

Fundi wangu wa siku zote ana oda ya madawati. Nitatengeneza mwenyewe. Baba Zuhura amecheka, kisha akaniuliza kama najua kushika randa. Sijui.

Siku nne baadaye

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee aliyefanya useremala tangu ujana wake, sasa magoti hayampi. Nimemwendea na kilo mbili za sukari. "Shikamoo mzee, nataka kutengeneza kabati la vitambaa, unielekeze tu, kazi nitafanya mimi." Alinitazama mikono kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, usianze na kabati. Anza na ukuta. Kapime."

Nimepima. Kati ya fremu ya mlango na dirisha kuna sentimita 185. Nikachora: nguzo nne, nafasi tatu za sentimita 60, jumla 180, nabakiwa na tano za kupumulia. Kimo sentimita 180, shelfu tano kila nafasi, kina kama 40. Kila shelfu ni mbao mbili za moja kwa nane (inchi moja unene, inchi nane upana) zilizolazwa pamoja na kuachiwa mwanya wa vidole viwili katikati ili hewa ipite. Mgongo wazi. Milango hakuna, pazia tu.

Kwa nini 60 na si 90, wakati 90 ingenipunguzia nguzo? Mzee alilaza ubao mrefu juu ya matofali mawili, akaniambia nikae katikati. Ulibonyea. Akayasogeza matofali karibu, nikakaa tena, haukushtuka. Nilidhani tofauti itakuwa ndogo. Uzito ule ule ukikaa katikati ya ubao wenye urefu nusu, kubonyea kunapungua mara nane. Majora ya vitenge hayafanani na vikombe vya udongo. Jora moja la drili ya sare za shule nalibeba kwa mikono miwili.

Wiki ya mwisho ya Februari

Mbao zimefika. Tisa za moja kwa nane, futi 12 kila moja, na mbili za mbili kwa mbili. Msonobari. Nilitamani mninga, nikasikia bei, nikaacha kutamani. Hesabu yangu: nguzo zinakula mbao nne (kila ubao unatoa vipande viwili vya 180, na kila nguzo ni vipande viwili), shelfu zinakula tano (kila ubao vipande sita vya 60, vipande 30 kwa jumla). Zinatosha kabisa, hakuna cha kubaki wala cha kukosea.

Ila ni mbichi. Muuzaji aliapa zimekauka. Nimeupeleka ubao mmoja kwenye mizani ya duka la mahindi, vijana wakanicheka: kilo 11. Mzee akasema ukitengeneza na mbao hizi leo, Agosti shelfu zitakuwa zimejikunja kama ganda la ndizi. Tumezipanga chini ya upenu wa nyuma, kila safu imetenganishwa na ya chini yake kwa vijiti vya unene mmoja, vijiti vimesimama mstari mmoja toka chini mpaka juu, na juu kabisa tofali za uzito. Mvua isizipige, jua lisizipige, upepo uzipitie.

Machi

Hakuna cha kuandika. Nazipima kila Jumamosi. Kilo 10 na robo. Kumi kasoro. Wale vijana wa dukani sasa wanaponiona na ubao kichwani wanasafisha mizani wenyewe.

Nilipeleka sare Mikindani siku moja. Katika nyumba moja kongwe ya mawe ya matumbawe, bibi mwenye nyumba alikuwa ameweka msahafu, taa na mkasi ndani ya kidaka kilichochongwa ukutani. Ukuta wenyewe ni mnene, toka kiwiko changu mpaka ncha za vidole. Nikasimama hapo na kuona wivu. Watu wa zamani kabati lao lilikuwa ukuta. Wangu ni wa tofali la inchi sita, nikichimba kidaka natokea kwa jirani.

Nikamkumbuka na bibi yangu mimi, Newala. Mahindi ya mbegu aliyaweka kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi unayapita usiku na mchana, fukusi hawathubutu. Hakuwa na kabati hata moja lenye mlango, na sikumbuki kuona kitu chake kimeoza.

Katikati ya Mei

Kusi limeanza kuvuma. Ubao wa mizani una kilo 8, na umebaki hapo hapo wiki mbili mfululizo. Mzee amesema haya.

Kupiga randa ni kazi ya mgongo, asikudanganye mtu. Siku ya kwanza nilikuwa nachimba mashimo. Kosa langu lilikuwa kukandamiza mkono wa nyuma mwanzoni mwa ubao. Unatakiwa kukandamiza mbele unapoanza na nyuma unapomaliza. Pia ubao una mwelekeo wa nyuzi, kama kitambaa. Hilo nililielewa haraka kuliko Mzee alivyotarajia. Ukirandia kinyume unang'oa, ukirandia sawa maranda yanatoka marefu kama utepe. Zuhura anayakusanya anayavaa bangili.

Jumamosi iliyofuata

Nimekosea, tena kosa la mtoto wa darasa la pili.

Vipande 30 vya shelfu nimeshakata vyote, sentimita 60 juu ya alama. Vipande vya nguzo vinane, safi. Nikavipanga sakafuni bila skrubu ili nijifurahishe kutazama. Nikachukua futikamba: 188 na ushee. Ukuta ni 185.

Nguzo. Nilizihesabu nguzo nne kana kwamba ni mistari ya kalamu. Kila moja ina unene wa sentimita 2.2 baada ya randa. Nne ni 8.8. Niliketi juu ya stuli nikaangalia ule mrundo kama nusu saa. Baba Zuhura alipita, akaona uso wangu, akaenda zake kimya kimya.

Dawa ni moja: kila kipande kipungue sentimita mbili. 58 mara tatu ni 174, jumlisha 8.8 ni 182.8. Vipande 30, kwa msumeno wa mkono, kila kimoja kikatwe kijipande chembamba ambacho msumeno unakichukia. Imenichukua siku mbili na lengelenge kwenye kidole cha shahada. Mzee alipoviona vile vijipande kwenye beseni alisema, "Hiyo ndiyo ada. Mimi nililipa kubwa zaidi ya hiyo."

Mwisho wa Mei

Kuunga. Zile mbili kwa mbili tumezipasua katikati kwa urefu, zikatoa fito za kubebea shelfu. Kila fito imepita kwenye mbao zote mbili za nguzo, hivyo inafanya kazi mbili: inashika nguzo na inabeba shelfu. Sikutia gundi mahali hapo. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa mapana, urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Ukizibana mbao mbili bila mwanya, Januari ikifika zitasukumana mpaka moja ipasuke. Skrubu zote ni za kupakwa zinki. Za kawaida huku kwetu karibu na bahari zinalia kutu kabla ya mwaka, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa ndimu wala kwa dua.

Tulipolisimamisha mara ya kwanza likayumba kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta ufunguo. Nikataka kuongeza skrubu. Mzee akakataa, akachukua fito mbili, akazipigilia nyuma kwa mshazari, moja toka pembe hii mpaka ile, nyingine kinyume chake. Likatulia papo hapo. Pembe nne zinaweza kulala upande, pembe tatu haziwezi. Zuhura amejifunza hilo hapa kabla ya kufika kwenye hesabu zake shuleni.

Juni, habari ya mchwa

Hii naiandika kwa mkono wa kulia tu.

Mchwa wa mtaa huu wanakula mpaka daftari. Wengi hupaka oili chafu ya magari miguuni mwa samani, nami sikuitaka kwa sababu ya harufu na kwa sababu inabaki kunata. Mzee akanikumbusha mafuta ya ganda la korosho. Yule dada anayebangua korosho nyumbani kwake, upande wa pili wa barabara, ana maganda gunia kwa gunia, na mafuta meusi anayachuja kwenye kopo wakati wa kukaanga. Nikapewa nusu lita bure, na onyo: "Shoga, paka mikono majivu." Wenyewe wanaobangua hufanya hivyo, au hujipaka mafuta ya kula, maana yale ya ganda yanaunguza ngozi.

Nilivaa mfuko wa plastiki mkono wa kulia. Wa kushoto nilisema nitautumia kushikilia tu. Niliyapunguza kwa mafuta ya taa kidogo ili yaingie kwenye mbao, nikapaka chini ya nguzo zote kwa kimo cha sentimita 15, nje ya nyumba, mbali na jiko. Tone moja likateremka kwenye kifundo cha mkono, nikalifuta na gauni. Kesho yake pakawaka, keshokutwa pakatoka malengelenge kama nimemwagikiwa chai. Nimekaa wiki bila kushona vizuri.

Ila ubao uliyanywa vizuri ajabu, ukawa mweusi kama mpingo. Nimeliacha kabati nje wiki mbili mpaka pakakauka na harufu ikapungua. Sehemu za kuweka vitambaa hazikuguswa na mafuta hayo hata kidogo. Huko nimepiga msasa, kisha vanishi mara mbili, hasa kwenye vifundo vya msonobari vinavyotoa utomvu.

Julai

Limeingia ndani. Watu wanne, mmoja akitukana kwa heshima. 182.8 kwenye 185, nikapitisha kiganja pembeni kwa raha.

Limekaa juu ya vipande vya tofali, sentimita kumi toka sakafuni, na ukutani nimeliacha mbali vidole vitatu. Juu kabisa nimelifunga ukutani kwa vipande viwili vya bati lililokunjwa, lisije likamwangukia mtoto. Mwanya wa nyuma una sababu ya pili mbali na hewa: mchwa ni nadra kujenga njia hewani. Akitaka kufika kwenye mbao, mara nyingi atapanda juu ya tofali na njia yake ya udongo, na hapo nitamwona kwa tochi.

Pazia ni kitenge kile chenye madoa. Nilikifua kwa siki na jua la kusi, madoa yamebaki kivuli tu, na kwa pazia yanatosha. Vitambaa vizito vimekaa chini, vyepesi juu, doti za kanga katikati ambapo mkono unafika bila kunyanyuka. Shelfu ya chini upande wa dirisha niliiacha tupu kwa ajili ya oda mpya. Zuhura ameshaweka madaftari yake hapo, na lile beseni la vijipande 30, ambavyo anajengea nyumba.

Milango ya kabati la zamani nimeilaza juu ya meza. Nakatia juu yake sasa, maana mahali ambapo haikuvimba iko sawasawa kama kioo.

Jumamosi ya pili

Tochi. Tofali tatu safi. Ya nne, pembeni mwa dirisha, ina njia ya udongo imepanda toka sakafuni, imepinda mara moja, na imesimama vidole viwili chini ya ule weusi. Nimeikwangua kwa kisu, nikafagia. Sijui kama mafuta ndiyo yaliyowazuia au walikuwa bado wako kazini. Nimeweka alama ya chaki mahali walipofika. Jumamosi nachungulia tena.