Sapulai ya mezani: ampea tatu, na mbio za kusaka MJ2955

Sapulai yangu, yaani kifaa cha kulisha umeme vitu ninavyovipima mezani, imefika hatua hii: transfoma niliyoitoa kwenye sabufa iliyokufa imefungwa kwenye boksi la bati, daraja la dayodi (la kugeuza umeme wa transfoma kuwa DC) limekaa, na LM317, aisii ya kurekebisha volti, inatoa volti 1.25 hadi 20 bila kuyumba. Ukiivuta kupita ampea moja inachemka, halafu inajikata yenyewe mpaka ipoe. Ndivyo ilivyotengenezwa, sina ugomvi nayo. Ila mimi nataka ampea 3, kwa sababu meza yangu inapokea redio za gari na vikuza sauti vidogo, na vitu hivyo vikifunguliwa sauti vinakula umeme.

Awamu hii ilikuwa ya kuisaidia LM317 kwa kumpa mzigo transista mkubwa wa nje. Saketi yenyewe ni ya miaka mingi na haina siri. Unaweka rezista ndogo, mimi nimechukua ya omu 3.3, kati ya umeme unaoingia na mguu wa kuingizia wa LM317. Mkondo ukifika kama ampea 0.2, volti kwenye rezista hiyo inakaribia 0.65, transista wa PNP (kinyume chake ni NPN, ambaye umeme hupita upande mwingine) anaamka na kubeba kilichobaki. LM317 inabaki na kazi ya kulinda volti tu. Transista anayefaa ni MJ2955, wa kopo la chuma, na ni pacha wa 2N3055 kwa kila kitu isipokuwa kimoja: 2N3055 ni NPN, MJ2955 ni PNP. Ukiwabadilisha kwenye saketi hii, hakuna kitakachofanya kazi.

Basi nikaenda Kariakoo.

Duka la kwanza kijana wa kaunta alinisikiliza vizuri, akaandika jina kwenye simu, akaangalia picha, akaingia ndani. Akatoka na kopo.

"Hii hapa mkuu."

"Hii imeandikwa 3055. Mimi nataka MJ2955."

"Ni ile ile bosi. Angalia umbo. Mashimo mawili, miguu miwili."

Nilitoa mita nikaiweka kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu kwenye beisi (sehemu ya kumwamshia transista), mweusi kwenye emita (moja ya sehemu mbili za kupitishia mkondo mkubwa, ya pili ni kolekta): 0.58. Mweusi kwenye beisi, mwekundu kwenye emita: haisomi kitu. Hapo hakuna mjadala, ni NPN. Halafu kopo lenyewe lilikuwa jepesi mno. 2N3055 wa kweli ana uzito unaousikia mkononi, kwa sababu kitako chake ni chuma kinene cha kupeleka joto kwenye hitisinki, lile bati la kupozea. Huyu ukimfungua nadhani utakuta kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchele, na ukimpa hizo ampea 15 zilizoandikwa kwenye datashiti (karatasi ya vipimo ya kiwanda) hamalizi dakika. Kijana akaona nimegoma, akaniletea moduli. "Chukua hii mkuu, LM2596, ampea 3, inakuja imekamilika, unaunga waya nne tu."

Ushauri si mbaya. Angekuwa mtu anayewasha taa au kuchaji kitu, ningemwambia achukue. Lakini mimi napima redio. LM2596 inakatakata umeme mara 150,000 kwa sekunde, na kelele zake zinajirudia kila baada ya kilohezi 150: zipo kwenye 600, zipo kwenye 750, zipo kwenye 900, katikati kabisa ya mawimbi ya kati. Ukiwasha redio ya AM pembeni ya moduli ile unasikia mluzi, halafu unapoteza nusu siku ukitafuta ubovu ambao haupo ndani ya redio. Kijana hakuwa na namna ya kulijua hilo, maana hakuniuliza kitu nakipeleka wapi.

Na kwangu hapo ndipo penye tofauti. Wauza spea wa zamani niliowakuta wakati naanza, hasa mzee mmoja ambaye duka lake lilikuwa na droo ndogondogo mpaka darini, hawakukupa kitu kabla ya kuuliza "ya kazi gani?" Ukimpelekea transista aliyeungua wa C945, anageuza, anasoma, anasema hana C945, ana C1815, weka tu, miguu ni ile ile. Ukimwambia jirani ana BC547, anakujibu itafanya kazi ila miguu haifanani: C945 ukiitazama upande bapa ni emita, kolekta, beisi; BC547 ni kolekta, beisi, emita. Kiungo kile kile cha shilingi chache, lakini ukikichomeka bila kuambiwa hilo umechoma kingine. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma namba za Kijapani: mbele ya C945 pana "2S" ambayo haiandikwi, herufi A na B ni PNP, C na D ni NPN. Sikulipia darasa hilo, nilinunua rezista tu.

Sasa, nimewasikia wengi wakisema vijana wa siku hizi ni wavivu. Sikubali. Yule mzee hakuzaliwa na elimu ile, na sidhani kama aliipata kwenye kitabu peke yake. Aliipata kwa mafundi. Enzi za TV za chogo, kila fundi wa mtaa alikuwa kaunta asubuhi: huyu anataka flaibaki, yule anataka aisii ya vatiko, mwingine picha imebaki mstari mmoja katikati na hajui aanzie wapi. Muuzaji anayesikia malalamiko hayo kila siku, tena anaona nani karudi kusema "imepona" na nani karudi na sura ya kununa, baada ya miaka kadhaa anajua kuliko wote. Kaunta ilikuwa ndiyo chuo. Zikaja TV za flati, fundi akawa anabadilisha bodi nzima, na foleni ikaisha. Analojia ilipozimwa Dar usiku wa 31 Desemba 2012, ving'amuzi viliziongezea chogo maisha kidogo, lakini mwelekeo ulikuwa umeshajulikana. Mwenye duka naye ana kodi ya fremu. Transista mmoja anampa faida ya shilingi mia, chaja ya simu inampa elfu kadhaa na mteja haulizi swali. Ungekuwa wewe ungejaza nini kwenye kabati la mbele?

Si Kariakoo peke yake. RadioShack ya Marekani ilianza Boston mwaka 1921 ikiwauzia vifaa wapenzi wa redio, ikaishia kutegemea simu za mkononi, na Februari 2015 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Maplin ya Uingereza ilianza miaka ya 1970 kwa kuuza viungo kwa posta, ikaanguka 2018. Wenzetu walau wana posta inayofika mlangoni na wauzaji wakubwa wa mtandaoni wenye datashiti ya kila kitu. Sisi ukikosa Kariakoo unaagiza China na kusubiri, na hata huko unaweza kuletewa kopo jepesi lile lile.

Nimepata MJ2955 kwa njia nyingine. Kuna fundi ana meza kwenye baraza ya duka la nguo, amezungukwa na amplifaya za misikitini na makanisani. Nilimwamkia, nikamweleza shida. Swali la kwanza:

"Unaitaka ya nini?"

Nilicheka, akanishangaa. Nikamchorea saketi nyuma ya risiti. Aliitazama kitambo, akaweka kidole kwenye rezista ya 3.3.

"Hii umeweka ya wati ngapi?"

"Robo."

"Ukivuta ampea tatu beisi itapanda, hapa utapata volti moja hivi. Piga hesabu." Volti 1 mara 1, gawa kwa 3.3, ni wati 0.3. "Robo itabadilika rangi. Weka ya wati moja, usahau. Na ukigusanisha waya za kutokea, LM yako itajilinda, ila huyu mkubwa hana wa kumlinda. Una fyuzi?"

Sikuwa nimeiweka bado. Akapachua MJ2955 wawili kutoka kwenye amplifaya ya zamani iliyokuwa imekufa upande wa transfoma, akawapima mbele yangu, akanipa kwa bei ya soda mbili. Na karatasi za maika (zinapitisha joto, hazipitishi umeme) akanipa, kwa sababu kopo lote ni kolekta na likigusa boksi la bati moja kwa moja nimeunga mstari wa chanya na bodi.

Matokeo ya jana usiku: nimemfunga transista kwenye hitisinki ya nje kwa maika na hitipesti (uji wa kupitisha joto), skrubu zimevishwa vishikizo vya plastiki, mita inaonyesha hakuna mawasiliano kati ya kopo na boksi. Nimevuta ampea 2.5 kwenye volti 13.8 kwa nusu saa kwa kutumia balbu za gari. Volti imeshuka mpaka 13.7. Hitisinki inashikika. Kwenye volti 5 habari ni nyingine, volti zinazobaki zote zinageuka joto kwa transista, anabeba zaidi ya wati 40 na mkono haukai, kwa hiyo nitaongeza feni au nitajiwekea mpaka wa ampea 1.5 kwa volti za chini.

Kapasita kubwa nimeibadilisha pia. Duka moja walinishikilia nichukue ya volti 25 kwa kuwa transfoma imeandikwa 18. Transfoma hii bila mzigo inatoa volti 20 na kitu, na ikishapita kwenye dayodi inakuwa 27. Nimeweka 4700 mikrofaradi ya volti 50.

Vilivyobaki: fyuzi ya ampea 3 upande wa kutokea, mita ya volti ya kubandika usoni, na kitasa cha potenshiomita (rezista ya kuzungusha inayopanga volti) maana sasa hivi nazungusha kwa koleo. MJ2955 wa pili nimemweka akiba kwenye kopo la dawa.