Lois Weber na soli ya boksi

Jana umeme ulikatika mapema, bando lenyewe limebaki kiduchu, nikasema ngoja niangalie kitu chochote nilale, nikajikuta nimeganda kwenye sinema bubu ya 1916. Hamna sauti, ni maandishi tu yanapita. Inaitwa Shoes, imetengenezwa na mwanamke wa Kimarekani anaitwa Lois Weber, mswada wa sinema kaandika yeye na kuongoza kaongoza yeye.

Eva ni dada wa dukani, analipwa dola 5 kwa wiki na hela yote anamkabidhi mama, baba yupo tu kajilaza anasoma vitabu vya hadithi. Viatu vya Eva vimetoboka, akiomba vipya anaambiwa subiri. Sasa kuna pale anachukua boksi, anakata soli kwa mkasi anaichomeka ndani ya kiatu, halafu mvua inanyesha. Hapo nikasimamisha kwanza. Jamani hiyo soli naijua, nimeivaa darasa la sita, ikilowa inageuka uji humo ndani na wewe unatembea unajifanya hamna kitu! Mwisho binti anajiuza kwa mwanaume mmoja ili apate viatu, anarudi navyo nyumbani, kumbe baba kapata kazi. Nilimchukia yule baba mpaka asubuhi.

Nikaanza kumchimba huyu mama. Kumbe kabla ya sinema alikuwa mpiga piano, tena alishahubiri mitaani huko Pittsburgh, kwa hiyo hao maskini alikuwa anawaona kwa macho yake, hakusimuliwa. 1913 alifanya Suspense, ya dakika kama 10 hivi, kioo kakigawa vipande vitatu, mke yuko kwenye simu, mume upande wa pili, na mwizi ndo anaingia nyumbani, vyote unaviona kwa mpigo. 1913 hiyo! Kufika 1916 pale studio ya Universal hamna dairekta aliyekuwa analipwa kumzidi, wanaume wote wapo chini, na mwaka huohuo akatoa Where Are My Children? kuhusu uzazi wa mpango na utoaji mimba, jimbo la Pennsylvania wakaipiga marufuku. 1917 akafungua kampuni yake mwenyewe.

Baadaye mambo yakageuka, studio kubwa zikashika soko, watu wakataka starehe na sio kukumbushwa shida, ndoa nayo ikavunjika. Alifariki 1939 hana kitu, mazishi akalipia Frances Marion, mwandishi mkubwa wa Hollywood ambaye kwenye sinema aliingizwa na Weber huyuhuyu.

Leo nimenunua bando la maana, naangalia The Blot ya 1921. Humo profesa ndo analala njaa na jirani yake anakula kuku, na huyo jirani, sasa cheki huyu mama alivyo, hela zake zote kazipata kwa kutengeneza viatu.