Majani yaliyopukutika: lori la manispaa liwe la mwisho

Uwanja wa nyumba ukishafunikwa majani kabla ya majira ya baridi, wengi hukimbilia kuyasukuma yote hadi barabarani na kusubiri lori la manispaa lije kuyazoa. Naona huko ni kuanzia mwisho. Kinachostahili kufika ukingoni mwa barabara ni yale yaliyobaki baada ya nyasi, bustani na pipa la mboji kupata mgao wao. Na hayo yanayobaki, pa kuyaweka pana umuhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kabla lori halijafika, mvua huwa imeshafika.

Nianze na hiyo mvua. Jani lililolowa hutoa virutubisho vyake kama majani ya chai yanavyotoa rangi, na fosforasi ndiyo inayotoka upesi zaidi. Majani yakiwa juu ya udongo, hiyo fosforasi inazama ardhini na mizizi inaifaidi. Yakiwa kwenye mfereji wa barabara, inaingia kwenye tundu la mtaro na kwenda moja kwa moja mtoni au ziwani, kwa kuwa katika miji mingi maji ya mvua hayapitii mtambo wowote wa kusafisha. Huko hulisha mwani, maji yakageuka kijani na kukosa oksijeni. Watafiti wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, walipima jambo hili katika mitaa ya Madison, Wisconsin, na kutoa matokeo mwaka 2016: mtaa uliofagiliwa majani kabla ya kila mvua ulipunguza fosforasi kwenye maji ya mvua ya msimu wa kupukutika kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo mita mbili tu kati ya kurundika kwenye nyasi na kurundika kwenye lami zina uzito mkubwa.

Sasa turudi uwanjani. Njia nyepesi kuliko zote ni kuyasaga majani pale pale kwa mashine ya kukata nyasi. Inua kisu hadi sentimita 7 au 8, washa injini kwa kasi yake kamili, lakini wewe tembea polepole. Kama mashine inatupa majani pembeni, anzia kingo za nje ukielekeza tundu lake ndani ya uwanja, ili vipande vikatwe tena unapozunguka. Pita mara ya pili kwa kukatisha njia ya kwanza. Unataka vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, vinavyodondoka katikati ya nyasi badala ya kulala juu yake. Ukimaliza simama uangalie: ikiwa zaidi ya nusu ya uwanja bado inaonyesha ncha za nyasi, mambo yako sawa. Ikiwa unaona zulia la kahawia tu, fungia mfuko wa kukusanyia kwenye mashine uondoe sehemu ya majani, uipeleke kwenye mboji.

Majaribio ya Chuo Kikuu cha Michigan State yameonyesha kwamba nyasi zinaweza kupokea tabaka la majani la hadi sentimita 15 hivi kwa mara moja, mradi yamesagwa barabara. Hata hivyo tabaka nene kiasi hicho linaielemea mashine ya kawaida. Kata kila wiki, tabaka likiwa la sentimita 3 hadi 5, wala usingoje mti umalize kupukutisha.

Mambo yanayoharibu kazi hii ni machache. Majani yenye maji huganda chini ya mashine, yakatoka mabonge mabonge, na kila bonge litaua nyasi zilizo chini yake. Ngoja umande ukauke, hata kama ni hadi saa saba mchana. Kisu butu huchana jani bila kulisaga. Siku kavu kupita kiasi huleta vumbi lenye mbegu za ukungu, kwa hiyo vaa barakoa na miwani. Wapo pia wanaoogopa kwamba majani ya mwaloni yataufanya udongo kuwa na asidi. Yakiwa mabichi yana asidi kidogo, lakini yakishaoza nyingi huwa imekwisha, na tabaka jembamba lililosagwa halibadilishi udongo kwa kiasi cha kukutia wasiwasi.

Kisichofaa kabisa ni kuyaacha mazima juu ya nyasi hadi theluji iyafunike. Tabaka lililolowa na kugandamana huzuia mwanga na hewa, na chini yake kuvu wa theluji hustawi. Theluji ikiyeyuka utakuta mabaka ya mviringo yenye utando mweupe au wa waridi, na nyasi zimelala zimekufa.

Chini ya miti na vichaka ni habari nyingine. Pale yaache majani yakae. Tabaka la sentimita 5 hadi 10 hulinda mizizi na baridi, huzuia magugu kuota wakati joto likirudi, na ndilo nyumba ya viumbe vingi wakati wa baridi: nondo hulala humo ndani ya vifukofuko vilivyosokotwa kwa majani yenyewe, mabuu ya vimulimuli hujificha chini yake. Ndiyo maana sisagi majani yaliyo kwenye vitanda vya bustani, maana kisu hakichagui kati ya jani na kifukofuko. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la kila mti, la sivyo gome hubaki na unyevu na panya hupata maficho ya kulitafuna. Na kama eneo lenu lina kupe, usiache tabaka nene karibu na mahali watoto wanapochezea au kando ya njia, kwani kupe nao hupenda majani yenye unyevu.

Kwa majani ya kuhamisha, chombo ninachokithamini kuliko vyote ni turubai la mita 3 kwa 3. Litandike upande ambao upepo unaelekea, kokota majani kwa reki kuyaingiza humo, kusanya pembe nne, kisha buruta. Kuburuta ni rahisi kuliko kubeba. Reki ya plastiki au mianzi yenye upana wa sentimita 60 inafaa majani makavu. Ya meno ya chuma inafaa yaliyonasa kwenye nyasi. Vuta kwa mivuto mifupi, badilisha mkono unaotangulia kila baada ya dakika chache, na usogeze miguu badala ya kusokota kiuno. Ukitumia mashine ya kupuliza, ziba masikio, anza na upepo ukiwa mgongoni, na usipulize kuelekea barabarani hata kama ndiko majani yanakotaka kwenda.

Mboji ndiyo sehemu yenye utamu wa kazi hii. Mti hurudisha naitrojeni yake nyingi kwenye matawi kabla ya kuangusha jani, kwa hiyo kinachobaki kina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo: kwa kawaida sehemu 40 hadi 80 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Bakteria hawapati naitrojeni ya kutosha, na ndiyo sababu rundo la majani peke yake hukaa miezi mingi likiwa baridi kama lilivyokuwa. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuwapa hiyo naitrojeni. Changanya ndoo mbili za majani yaliyosagwa na ndoo moja ya nyasi mbichi au maganda ya jikoni, mwagia maji, na ujenge rundo lisilopungua mita 1 kila upande, maana dogo kuliko hapo halishiki joto. Chukua konzi ulikamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha, yakichuruzika, ongeza majani makavu, yasipotoka kabisa, ongeza maji. Rundo linalonuka yai viza limekosa hewa, ligeuze. Lililo baridi mara nyingi ni kavu au limekosa majani mabichi. Weka pia magunia mawili matatu ya majani makavu mahali pasiponyesha. Msimu wa joto ukifika, nyasi na maganda vitakuwa tele na vitu vikavu havipatikani, na hapo ndipo utayashukuru.

Ya pili ni kuwaachia kuvu wafanye kazi polepole. Chukua wavu wa waya wa mita 3 na robo, uzungushe ukaunge ncha mbili, utapata tangi la duara lenye upana wa mita 1. Jaza majani kwa matabaka, na kila tabaka ulilowanishe vizuri kabla ya kuweka jingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu majani makavu yakishabanana hayapenyezi maji ya mvua, na mwaka mzima baadaye katikati utayakuta kama ulivyoyaweka. Yaliyosagwa huwa tayari kwa miezi 6 hadi 12, mazima yanaweza kufika miaka 2, na ya mwaloni ndiyo magumu zaidi kwa sababu ya tanini na lignini, viambata vinavyochelewesha kuoza. Kinachotoka ni kitu cheusi, laini, chenye harufu ya msituni. Hakina mbolea nyingi, lakini hushika maji vizuri sana, na udongo wa kichanga ukichanganywa nacho hautambuliki tena.

Majani yenye ugonjwa usiyatie humo. Ukungu wa mitufaha, madoa meusi ya waridi na madoa ya lami ya mimepo (maple) hupitisha baridi ndani ya majani yaliyoanguka, kisha hurusha mbegu zao majani mapya yakichomoza. Rundo la nyumbani mara chache hupata joto la kuyaua kila upande. Majani hayo ndiyo ya kuliachia lori bila kusita. Kwenye viwanja vya mboji vya manispaa hupangwa safu ndefu zenye kimo cha mita 2 hadi 3 zinazogeuzwa kwa mashine, na kipimo kinachotumika sana Marekani ni nyuzijoto 55 au zaidi kwa siku 15, safu ikigeuzwa angalau mara tano. Majani ya mjozi mweusi (black walnut) yana sumu inayodumaza nyanya na mimea mingine, lakini ndani ya mboji yenye joto na hewa sumu hiyo huvunjika baada ya wiki chache.

Basi tufike ukingoni. Soma kwanza tangazo la manispaa yako, kwa sababu kuna mitindo mitatu na kila mmoja una masharti yake: rundo wazi linalofyonzwa na lori, mifuko ya karatasi, au pipa maalumu.

Kwa rundo wazi, panga majani kwenye ukanda wa nyasi nyuma ya ukingo wa barabara, yawe mstari mrefu mwembamba unaofuata barabara, siyo kichuguu kirefu kwenda juu. Bomba la kufyonza lina mwisho wake, na mfanyakazi anayelishika hatapanda uwanjani kwako. Kaa mbali kwa mita 1 au 2 na nguzo, sanduku la barua, bomba la zimamoto na gari lililoegeshwa. Matawi, mawe, waya na midoli viondoe kabisa. Majani yote yanayofyonzwa hupita kwenye feni ya chuma inayozunguka kwa kasi, na jiwe moja linaweza kuvunja pangaboi lake. Tawi moja hukwama kwenye bomba na majani yakajazana nyuma yake, kisha watu wawili washuke kulizibua huku nyumba zote zilizobaki mtaani zikingoja. Rundo lenye matawi mara nyingi huachwa tu lilivyo. Majani yatoe siku moja au mbili kabla ya zamu yako, siyo wiki mbili, maana upepo na mvua havingoji ratiba.

Kwa mifuko, tumia ya karatasi ngumu yenye tabaka mbili. Jaza, shindilia kwa mkono, kunja mdomo bila gundi. Majani yaliyolowa huwa mazito ghafla, kwa hiyo ishia kilo 18 hivi. Mtu wa lori ananyanyua mamia ya mifuko kwa siku. Itoe asubuhi yenyewe kama mvua inatarajiwa, kwani karatasi iliyolowa huachia kitako. Mifuko ya plastiki hukataliwa karibu kila mahali penye mboji: ikipasuka humo, vipande vyake havichujiki vyote na huishia kwenye bustani za watu.

Usiegeshe gari juu ya majani makavu, kwa sababu ekzosi yenye moto huweza kuyawasha. Na usipitishe gari juu ya rundo lililo barabarani hata kama ni dogo, kwa maana watoto hujificha humo. Kuchoma nako sikushauri hata pale sheria inaporuhusu: majani yenye unyevu hufuka bila kuwaka, na moshi wake una chembe ndogo ndogo na kaboni monoksidi, ukielea chini chini mtaani kwa saa nyingi na kuwasumbua wenye pumu.

Mialoni mingi hushikilia majani yake ya kahawia hadi katikati ya baridi, wakati lori la mwisho limeshapita. Hayo yasage siku kavu kama ardhi haijagandishwa, au yakusanye chini ya vichaka. Na kila baada ya upepo mkali toka na reki hadi kwenye tundu la mtaro lililo karibu na nyumba yako, uondoe majani yaliyoziba wavu, uyarudishe kwenye nyasi.